Neno la Kuondokea

Sasa Mwende,

Huku Kawangware tuko salama. Mjomba wako amehamia kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na kila tukimtembelea anatufungulia bomba la maji kana kwamba mto amechimba yeye.

Nimecheka sana kusikia ulimwambia mwalimu wako huko Uingereza "nakuja" kwa Kiingereza chao, halafu ukatoka darasani. Unauliza mbona sisi husema nakuja tukienda.

Hata mimi neno hilo lilinishangaza. Nilipotoka Kitui, miaka ya themanini, nilikuwa nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, Kibera, pale Soweto West. Siku moja fundi wa mbao, Mluhya mmoja mrefu, alimaliza kula akasimama. "Nakuja," akasema, na huyo, ananipa mgongo.

"Wee! Unakuja na unaenda?"

Akacheka, akarudi hatua mbili, akaweka randa yake juu ya benchi yangu. "Kuenda unaniona naenda," akasema. "Mimi nakuambia ile sehemu huwezi kuona."

Mchana wote nilifukuza wateja waliotaka kuikalia hiyo randa. Jioni akarudi. Wewe unamwita babu.

Sasa mwambie mwalimu kwamba kwetu mtu hutaja kurudi kwanza. Lakini wewe mwenyewe, siku ya kusafiri, uliniambia "kwaheri" kama mgeni! Nilikasirika wiki nzima, mpaka nilipofagia nikakuta raba zako za michezo chini ya kitanda changu.

Sijazigusa.

Shosho wako