Sahihi ya Mjomba

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Hujambo huko? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo umechoka, nisikufiche.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sina faragha. Nyumba hii ya Mjomba kuta zake nyembamba, na yeye macho yamemgomea lakini masikio yapo kazini saa zote.

Leo nimepata jibu la ombi la kumi na mbili. Wale kumi na mmoja waliniimbia wimbo mmoja: cheti chako cha kupanga safari za ndege ni kizuri, uzoefu huna. Mama, uzoefu ninao mpaka unanimwagikia. Mwaka mzima sasa kila ndege ya kampuni yetu inayotoka hapa nimeipangia safari mimi: upepo, hali ya hewa, mafuta, na uwanja wa pili wa kutua endapo ule wa kwanza utafunikwa na ukungu. Namsomea Mjomba kwa sauti ya chini, anaitikia kwa kichwa, namwekea kidole chake kwenye mstari, anatia sahihi. Rubani anatia ya kwake, ndege inaondoka. Kwenye makaratasi mpangaji wa safari ni Mjomba. Mimi ni karani wa mizigo.

Hawa wa kumi na mbili, lile shirika kubwa, wameniita kwenye usaili tarehe 3 Machi. Wanataka barua ya mkuu wangu inayothibitisha safari nilizopanga. Mkuu wangu ni Mjomba. Kila nikimwomba anauliza chai iko wapi. Sema naye wewe. Wewe ni dada yake mkubwa, hathubutu kukuuliza chai.

Mwanao

13 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mguu haujambo, unanipeleka sokoni vizuri, shida yake ni kunirudisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu na jibu langu hutalipenda. Mwache Mjomba wako. Akiandika barua hiyo, amejishtaki mwenyewe kwamba anatia sahihi vitu asivyoviona. Watamfukuza siku hiyohiyo. Na wewe watakuuliza nani alikuruhusu. Umelifikiria hilo?

Baba yako alipofariki, nikalazwa mwaka mzima, nani alikuchukua? Nani alikusuka nywele kwa ile mikono yake mikubwa mpaka ukaenda shule umefanana na fagio? Amebakiza miezi mitano astaafu kwa heshima. Usaili mwingine utakuja. Vumilia kidogo, mwanangu. Mwezi wa saba si mbali.

Mama yako

5 Machi

Mama,

Shikamoo. Usaili ulikuwa juzi. Sikwenda. Saa ile walipokuwa wakiita jina langu nilikuwa nahesabu mafuta ya ndege ya asubuhi, na Mjomba akanipigapiga begani, akasema, "Bila wewe ningekuwa mgeni wa nani?" Nilitaka kulia na nilitaka kumng'ata. Nimefanya yote mawili kimoyomoyo.

Nahesabu miezi. Usiniandikie nivumilie, navumilia tayari.

Mwanao

7 Agosti

Mama,

Shikamoo. Najua mmefurahi huko, nilikusikia kwenye simu ya Mjomba ukipiga vigelegele. Mimi nilikuwa ukumbini meneja aliposimama tukidhani anamuaga. Nilishavaa viatu vipya. Meneja akasema mipango ya mzee huyu haijapata kosa hata moja mwaka huu, hawako tayari kumpoteza, wamemwongezea miaka miwili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nimejifunga mwenyewe kwa kazi yangu nzuri, Mama. Ningeboronga kidogo ningekuwa huru.

Na Mjomba akakubali. Hakugeuza hata uso upande wangu.

Jana nilimwekea fomu mbele yake, na kidole chake kwenye mstari kama kawaida. Sikumsomea kitu. Fomu ilikuwa tupu, haina namba hata moja. Nilitaka aulize. Angeuliza tu, "Upepo ukoje leo?" Akatia sahihi, nzuri, na ule mkia wake mrefu, akamkabidhi rubani na kumtakia safari njema.

Rubani akaitazama karatasi, akamtazama Mjomba, akanitazama mimi. Nikasema nimekosea karatasi, nikatoa iliyojazwa kwenye droo. Nilikuwa nimeijaza tangu alfajiri, siwezi kufanyia mzaha roho za watu. Mjomba akatia sahihi tena. Ndege ikaondoka kwa wakati.

Jioni rubani aliporudi alinifuata kwenye mizani ya mizigo. "Tangu lini?" Nikamwambia. Anampa Mjomba mpaka Ijumaa ya wiki ijayo akaseme mwenyewe kwa meneja, la sivyo atasema yeye. Mjomba hajui. Nimejaza fomu zaidi ya mia tano, na neno hili moja sijui pa kulianzia. Mwambie wewe.

Mwanao

13 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Najua Mjomba wako alikuaga kwamba anakuja kuniangalia mguu. Mimi ndiye niliyemwita. Yuko hapa, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nimemsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye fomu tupu nilitamani kuiruka, sikuiruka.

Aliisukuma chai yake pembeni. Kisha akasema, "Siku ile ukumbini niliyasikia makofi yake. Yalikuja ya mwisho. Nikajifanya na masikio yamekufa."

Na mimi nisamehe. Nilipokuambia mwezi wa saba si mbali nilikuwa namfikiria ndugu yangu peke yake.

Barua hii anakuletea mwenyewe, pamoja na nyingine mbili: moja anaipeleka kwa meneja Ijumaa, ya pili ni yako, umwonyeshe yeyote utakayemwomba kazi. Maneno ni yake, mwandiko ni wangu. Zinasema hajaona namba kwa miezi kumi na minane, na safari zote hizo ulizipanga wewe, kwa amri yake. Hilo la amri alinirudisha nyuma niliandike. Sijui kama litakukinga au mtatolewa wote wawili. Yeye pia hajui. Akifika usimuulize kitu, mpe chai.

Nilipomaliza kuandika nilimshika kidole nikakiweka kwenye mstari, kama unavyofanya wewe. Akakiondoa.

"Nisomee kwanza," akasema.

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena, ndipo akatia sahihi.

Mama yako