Maji Kwenye Bomba la Baba

Jumatatu, 1 Machi

Tumechuma kabla sijaenda shule, kama kila Jumatatu. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Sketi imelowa hadi magotini. Mama tuta la kulia, mimi la kushoto. Stroberi nzuri kwenye ndoo, mbovu tunazitupa chini kati ya matuta. Leo mbovu zilikuwa nyingi kuliko nzuri.

Ni ule ukungu wa kijivu. Huanza doa la kahawia, laini. Kesho yake tunda zima lina manyoya. Ukiligusa linatoa vumbi kama majivu. Nayachukia manyoya yale.

Mama anasema zilizooza zibaki palepale, ardhi irudishiwe chake. Hata maganda ya kahawa tunayarudisha kwenye mibuni, na mibuni inanawiri.

Nilichelewa mstarini. Nilifagia ofisi ya walimu.

Jumatano, 3 Machi

Mama amerudi kutoka soko la Tunduma amenyamaza. Ndoo moja imerudi imejaa. Mama Chanda, mteja wetu wa upande wa Zambia, amechagua chache tu. Mama alipomaliza chai ndipo akaanza kumwigiza: "Awe, awe, mama! Hizi zako zina ndevu. Mimi nauza matunda, siuzi mababu." Awe kwao ni hapana. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, lakini macho hayakucheka.

Baba hakucheka kabisa. Amesema tusubiri mpaka Pasaka. Kama hali ni hii hii, Jumatatu ya Pasaka anang'oa zote, tupande viazi.

Kahawa ni ya Baba. Migomba ni ya Bibi. Stroberi ndicho kitu pekee cha Mama hapa nyumbani. Alianza na miche aliyobeba kwenye kopo la maziwa. Tuta la mwisho, karibu na njia, ni langu. Nilipewa nilipofaulu kwenda sekondari.

Sitaki viazi.

Jumamosi, 6 Machi

Siku ya dawa. Baba hajawahi kukosa Jumamosi hata moja. Anavaa koti la mvua, anajifunga kanga ya Mama usoni, anabeba bomba la kupulizia dawa mgongoni. Bibi humwita bwana harusi wa stroberi. Leo amemwambia, "Mwanangu, mke umeshampata, punguza kujipamba."

Baba anapuliza kama anavyopuliza kahawa. Kila jani, juu na chini, taratibu. Ndiye aliyeokoa kahawa yetu chulebuni ilipoozesha buni nilipokuwa mdogo, na majirani bado wanamwita awaonyeshe. Kahawa yake inaweza kusubiri, stroberi za Mama hazisubiri. Nadhani ndivyo anavyompenda Mama. Hajui kusema, anapuliza.

Amebadilisha dawa tena. Ya kwanza ilikuwa na kifuniko chekundu, ya pili cha bluu. Hii ina kifuniko cha kijani na maandishi ya Kiingereza tu. Imetoka ng'ambo ya mpaka. Amesema, "Hii ndiyo kiboko, mama."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, Enesia. Bibi mwenyewe huniita wajina.

Jumanne, 9 Machi

Leo baada ya kipindi cha Biolojia nilimfuata Madamu Rehema. Nilimweleza ukungu wetu na zile dawa. Nilidhani atanicheka. Hakunicheka. Alichora vitone ubaoni, akasema ndio ukungu, akafuta vingi, akaacha vitatu. Hivi vitatu dawa haikuviua, akasema. Vitazaa vingine vinavyofanana navyo. Ukirudia dawa ileile unafuta vilivyo dhaifu tu, unavipisha vilivyo sugu.

Nikamwambia Baba amebadilisha dawa mara tatu. Akauliza kama amebadilisha dawa au chupa. Soma maandishi madogo, akasema, usisome jina kubwa.

Jumatano, 10 Machi

Nimesoma. Chupa ya kwanza na ya pili Baba alizitupa kwenye pipa la nyuma ya ghala. Nilizigeuza kwa kijiti, nimevaa mfuko wa nailoni mkononi. Majina makubwa ni matatu tofauti. Chini, kwa herufi za kuumiza macho, kiambato ni kimoja. Neno lilelile refu, herufi kwa herufi. Nimelinakili kwenye daftari mara tatu ili nisijidanganye.

Tangu mwaka juzi Baba anapuliza dawa moja.

Sijui nitamwambiaje.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemdanganya Baba. Naandika ili nisijifanye nimesahau.

Alipomaliza matuta yote alinipa bomba. Akasema tuta la mwisho lina mwenyewe, sasa nimekuwa, nipulize mwenyewe. Alinifunga kanga usoni kwa mikono yake. Akaenda kwenye mibuni akipiga mluzi. Mimi nikamimina dawa iliyobaki kwenye pipa lake la kuchanganyia, nikasuuza bomba mara tatu, nikajaza maji ya kisima. Nikapuliza maji. Kila jani, juu na chini, taratibu, kama yeye.

Nataka kuona. Kama dawa inafanya kazi, tuta langu litaoza kuliko mengine, nami nitanyamaza.

Aliporudi aliangalia majani yanavyodondosha matone, akasema nina mkono wa kazi.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani nilishindwa kuimba sauti yangu. Mwalimu wa kwaya aliniangalia mara mbili.

Ijumaa, 19 Machi

Nimechuma matunda ishirini tuta langu, ishirini tuta la jirani yake. Langu mabovu tisa. Lile lenye dawa mabovu tisa vilevile. Nikarudia kwa tuta la tatu. Kumi.

Maji na dawa, sawasawa. Nilikaa chini kwenye matope. Nilifurahi kwa kuwa nilikuwa sahihi. Kisha nikamwona Baba kwa mbali na koti lake la mvua, nikatamani ningekuwa nimekosea.

Jumamosi, 20 Machi

Maji tena. Leo hakunisifu, alikuwa anaharakisha. Afadhali.

Madamu Rehema amenipa kazi nyingine. Ukungu unakula kilichooza kwanza, amesema, ndipo unapanda kwenye kizima. Basi kwenye tuta langu nimeokota kila tunda bovu, hata lililojificha chini ya nyasi. Nimekata majani makavu na maua yaliyokufa. Majani yaliyoshikana nimeyapunguza ili upepo upite. Yote nimeyafukia kwenye shimo dogo mbali na shamba. Nimetandaza nyasi kavu mpya chini ya matunda yasiguse udongo.

Mama ameniona na kopo la mabovu. Akauliza naipeleka wapi mbolea yake. Nikasema ni kazi ya shule. Ni nusu ya kweli.

Jumatano, 24 Machi

Mama Chanda amekataa zote. Ndoo mbili zimerudi. Safari hii Mama hakumwigiza. Aliziweka mlangoni, akavua viatu, akaingia ndani.

Baba alizitazama zile ndoo. Akasema Jumamosi atapuliza mara mbili, asubuhi na jioni.

Sikuweza tena. Nilisema palepale, Bibi akisikia. Nikasema, "Baba, tuta langu sijalipulizia dawa. Nimepulizia maji. Wiki mbili." Nikaleta daftari, nikaleta chupa zote tatu, nikamwonyesha lile neno refu. Nilisema haraka mno, nikachanganya mambo.

"Maji," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwenye bomba langu."

"Ndiyo, Baba."

Aliweka kikombe chini bila kumaliza chai. Akaenda kwenye mibuni. Aliporudi alisema, "Enesia, funga kuku." Hakusema mama.

Alhamisi, 25 Machi

Enesia tena. Mara tatu. Inauma kuliko fimbo.

Jumamosi, 27 Machi

Baba hakupuliza. Koti la mvua linaning'inia msumarini. Amekaa kutwa anarekebisha mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika.

Nimesafisha tuta langu kama kawaida. Nilimwona ananiangalia. Nikainama zaidi.

Jumapili, 28 Machi

Jumapili ya Matawi. Baada ya chakula Bibi alitaka nimsomee tena kile nilichoandika kwenye daftari. Baba alikuwepo, amegeukia ukutani anajifanya anasinzia. Nilieleza vile vitone vitatu vya Madamu, polepole safari hii.

Bibi akapiga goti lake. "Wajina, hiyo si klorokwini?"

Akaanza. Zamani ukiwa na homa ulimeza klorokwini, ukajikuna mwili mzima kama mwenye upele, lakini kesho unalima. Halafu ikafika wakati unajikuna na homa haitoki. Watu wakasema wauguzi wanaiba dawa wanatupatia chokaa. Kumbe dawa ni ileile, malaria ndiyo iliyokuwa imeizoea. Mpaka ikaja dawa ya mseto.

Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe ulikunywa klorokwini mwaka ule mpaka ukaona maluweluwe. Ukaniita shangazi. Nani alikulaumu? Ulimeza ulichopewa."

Baba alisema kutoka ukutani, "Sikukuita shangazi."

"Uliniita shangazi, ukaniomba nikurudishe kwa mama yako."

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Mabega ya Baba yalitikisika. Bado hakunigeukia. Lakini yalitikisika, niliona.

Ijumaa, 2 Aprili

Ijumaa Kuu. Hatukufanya kazi ila Baba alikwenda shambani na ndoo tupu. Nilimchungulia kutoka jikoni. Alichuma ishirini kwenye tuta langu, akazipanga juu ya gunia. Akachuma ishirini kwenye tuta la jirani yake, akazipanga pembeni. Akachuchumaa kati ya hizo mbili muda mrefu sana.

Alipoondoka nilikwenda kuangalia. Zangu, mbovu tatu. Zile nyingine, kumi na moja.

Kabla ya kuondoka Baba alikuwa ameangalia pia juu. Migomba ya Bibi inafunika matuta manne ya mwanzo. Kahawa hupenda kivuli, kwa hiyo Baba alizipa na stroberi kivuli hichohicho. Chini ya migomba hakukauki hata mchana.

Hakusema neno kuhusu Jumatatu. Mama naye hajauliza.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Kuku, wali, soda moja kwa watu wawili. Niliimba sauti yangu yote. Kesho ndiyo kesho.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimeamshwa na jembe. Mapigo mazito, upande wa shambani. Nililala hapo nikasikiliza nikajua anang'oa. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake mlango wazi, kanga begani, anasikiliza pia. Tulitazamana. Tukatoka pamoja bila viatu.

Hakuwa kwenye matuta. Alikuwa chini kabisa, nje ya ua, ndani ya shimo mpaka kiunoni. Udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Akasema shimo langu lilikuwa la kuzikia panzi, hili ndilo shimo.

Migomba mitatu ilikuwa chini. Bibi alikuwa amesimama hapo na panga lake, amekasirika, anaieleza migomba kwamba si yeye aliyetaka. Kumbe ni yeye aliyeanza kukata. Hakukubali mtu mwingine aiguse.

Matuta manne ya kivulini hayaponi. Baba ameyang'oa tukishirikiana, na yote, mizizi na majani, yameingia shimoni. Mama alichagua machipukizi machache yenye afya kutoka tuta langu. Tutayapanda upya mvua zikipungua. Matuta matano yamebaki. Tumeokota mabovu mpaka saa sita, sote wanne, kila mtu na kopo lake. Kwa dawa Baba amesema atakwenda Vwawa kwa bwana shamba na lile neno langu refu kwenye karatasi, aulize iliyo ya aina nyingine kabisa. Na akipewa atapuliza mara chache, apumzishe. Mpaka hapo, makopo.

Mama anataka kumpelekea Mama Chanda ndoo moja Jumatano. Ndogo tu, ya kuonja. Sijui atasema nini.

Jua lilifika mahali ambapo halijawahi kufika. Udongo wa pale ulikauka kabla ya saa nne.

Baba aliokota tuta kwa tuta mpaka akafika mwisho, karibu na njia. Hapo akasimama. Akaegemeza kopo kwenye kiuno, akaniita.

"Mama, njoo. Hili lina mwenyewe."