Tone la Maji ya Kunawia

Nyangwe, Ijumaa.

Wameona! Mpaka sasa nina furaha.

Dokta Mubelgiji wa Kasongo alinipa mimi, munganga musaidizi wake, mikroskopi ya kuwaonyesha watu vijidudu vya magonjwa, lakini kwa onyo: "Usipeleke choo cha mugonjwa wa kuhara damu mbele ya watu. Kikimwagika, wewe ndiye utawaua." Haya, sasa niwaonyeshe nini? Kazi ananipa, mikono ananifunga! Njia nzima nilikuwa na wasiwasi.

Kwa Mzee Rajabu tuliandaliwa wali. Kama desturi, bakuli moja la maji lilizunguka, kila mutu akachovya vidole. Mimi nikachota tone mule mule, nikaliweka kwenye kioo cha mikroskopi.

Bibi Zena, muke wa mzee, aliangalia wa kwanza. "Eh! Viko vinatembea! Umetoa wapi?"

Nikaonyesha bakuli. Wengine nao wakaangalia, mumoja mumoja. Hatari sikuileta mimi. Siku zote ilikuwa pale, ikizungushwa kwa heshima.

Bibi akamwaga bakuli uani, akaleta birika, akaanza kummiminia kila mutu maji mapya kwa zamu. Wali ulikuwa unapoa, na mimi nina njaa. Nikanyoosha mukono kwenye sinia.

Mzee Rajabu akaudaka. "Hapana, munganga. Wewe haujanawa."