Upande Wangu wa Kushoto

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, macho bado yakikubali kutunga uzi bila kuomba msaada, na Mama kifua kimemwachia. Mimi huku Uturuki nipo, alhamdulillahi, ingawa baridi ya mji huu haina adabu, yaingia hata palipozibwa. Utashangaa kuona karatasi na simu ipo. Nimeandika kwa sababu nikikutumia sauti wewe huifungulia pale pale dukani, na mtu aliyekuja kupunguza suruali huondoka na habari zangu pamoja na suruali yake. Tena simu yako mshikaji ni kaka Hamisi, na Hamisi namjua. Barua hii nimempa mama mmoja wa Ukunda anayerudi likizo. Nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimetia sahihi. Ikikufika sahihi imekatika, muulize Hamisi kwanza.

Nianze na swali lako. Uliniuliza kwa sauti ile ya kumuuliza mteja kitambaa amekitoa wapi: "Mwanangu, kila mchezo Hamisi anisomea kwenye simu. Mwanatumu, pointi sifuri. Mwanatumu, pointi mbili. Wachezeshwa kweli wewe, ama wakaa benchi ukitudanganya?" Lilinichoma, Baba. Nilitaka kujibu kwa hasira, nikakumbuka wewe ni baba na mimi ni mwana, nikanyamaza wiki mbili nzima.

Nachezeshwa. Nachezeshwa kuliko wengi. Kazi yangu katika mpira huu wa kikapu ni kukaba. Kila timu ina mfungaji wake mkali, na mimi ndiye hupewa huyo. Akienda kulia yuko na mimi, akirudi kushoto yuko na mimi, mpaka wenzake wachoke kumtafuta, wampe mpira mtu mwingine. Sasa ile karatasi ya pointi anayoisoma Hamisi ina safu ya vikapu, safu ya pasi, safu ya makosa. Haina safu ya mpira ambao mtu hakupewa kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale. Msimu ulipoanza tulicheza na timu ya dada mmoja mrefu ambaye magazeti ya huku humwandika kila wiki. Siku ile aliugusa mpira mara chache hata nikamhurumia, akatoka uwanjani akiipiga teke ndoo ya maji. Kesho yake aliyesifiwa ni Awa, Msenegali ninayekaa naye nyumba moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga. Mimi, sifuri. Hapo Hamisi hakukosea kusoma.

Sasa nikueleze linaloniweka roho juu. Wageni katika timu hii ni wawili tu, mimi na Awa, na msimu ujao klabu imesema itabaki na mgeni mmoja. Mmoja wetu atafungasha. Habari hiyo haijatulia, akaja kijana mmoja aitwaye Emre na kompyuta yake. Wakatundika kamera juu ya dari la uwanja, naye akawa hukaa pembeni kila mazoezi akiandika. Tukaambiwa kazi yake ni kupima yale yasiyoandikwa kwenye karatasi ya pointi. Wenzangu walifurahi. Mimi nikajiuliza, kwa nini sasa? Mtu hapimwi bure. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu lile lilikuwa limenikalia mimi kichwani. Nikamchunguza anayenichunguza. Kila nikigeuka, macho yake yako kwangu, tena si usoni, miguuni.

Halafu nikamwona Awa akitoka katika chumba cha kazi cha Emre. Tulipofika nyumbani nikamuuliza. Twazungumza kwa Kiingereza chetu cha kubahatisha, lakini nakuandikia kwa lugha yetu.

"Mlikuwa mkisema nini na yule?"

"Tulikunywa chai."

"Chai ya saa nzima?"

"Ilikuwa ya moto," akasema, akacheka. "Mwanatumu, wewe ungefaa kuwa polisi."

Sikucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Kwani kulikuwa na jambo jingine. Wiki zile Awa alikuwa hanipi nafasi uwanjani. Nikimkaba mtu, yeye amwacha wake, aja kusimama nyuma yangu upande wa kushoto, kana kwamba mimi ni mtoto wa kuchungwa. Nikaona ndiyo hila yenyewe. Ataka kocha aone kuwa kazi yangu yeye ndiye huimalizia. Nikaanza kumpikia chai yake bila kumwekea sukari. Najua ni upuuzi, lakini nilifanya.

Jumatatu iliyopita Emre akaniita mimi. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe. Akanionyesha picha za michezo ya nyuma, akaniambia: "Karatasi inasema sifuri. Lakini tazama. Ukiwa uwanjani, mtu unayemkaba hapewi mpira. Wanapeleka mchezo upande wa pili, kwa mtu asiyeweza. Ukitoka tu, wanarudi. Ushindi wetu mwingi umeanzia kwako."

Baba, miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo. Na bado sikumwamini. Mtu akikusifu kabla hajaomba, jua ombi lake laja. Akaniuliza nimejifunzia wapi kukaba hivyo. Nikamweleza habari za bonde la mpunga la shangazi, tulivyokuwa tukienda kuamia ndege, kwamba ukingoja ndege watue ndipo upige kelele, umechelewa, wamekwisha kula. Yataka ukae mahali ambapo wakikuona tu waghairi. Na wakati wa kuvuna hakuna amshukuruye mwamiaji, kwa sababu mpunga upo na ndege hawaonekani. Alicheka sana, nami nikanogewa, nikainuka kumwonyesha tulivyokuwa tukirukaruka juu ya matuta.

Katikati ya maneno nikaona macho yake yameshuka kwenye mguu wangu wa kushoto.

Hapo nikakukumbuka wewe. Mteja akija kupimwa huvuta tumbo ndani, nawe hushiki futi mara moja, wamuuliza kwanza habari za harusi ya binamu yake, za bei ya unga, mpaka ajisahau apumue. Hapo ndipo unaposoma kiuno chake cha kweli. Nami nilikuwa nimepumua, Baba. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili nimeupumzisha kama kuku wa mvua.

Akaigeuza kompyuta. "Hizi ni wiki tano za mwisho," akasema. "Zamani hakuna aliyekupita kushoto. Sasa wanakupita. Ni goti?"

Nilikuambia nitajibu swali lako, na hili ndilo jibu lenyewe nililokuwa nalizunguka. Ni goti. Liliteguka mazoezini, likavimba, nikaliwekea barafu chumbani mlango umefungwa, sikumwambia kocha wala daktari wa timu wala wewe. Niliogopa nafasi ile moja. Na nilijua siwezi kugunduliwa. Mfungaji akiumia pointi zake hushuka, kila mtu huona. Mimi nilikuwa sifuri kabla ya kuumia na sifuri baada ya kuumia. Karatasi niliyokuwa nikiilaani kila siku ndiyo iliyokuwa ikinisitiri.

Emre akasema ripoti yake yaenda kwa kocha Alhamisi, naye angependa kocha alisikie kwangu kwanza. Sikumshukuru. Nilitoka na hasira moja tu kichwani: Awa. Nyumba moja, ukuta mmoja, nani mwingine angejua habari za barafu? Nikamkuta jikoni akimenya viazi.

"Umeniuza," nikamwambia. "Umemwambia goti langu."

Akaweka kisu chini. "Mimi sikumwambia. Yeye aliniita kuniuliza kwa nini pointi zangu zimeshuka. Nikamjibu nimechoka. Basi."

"Zimeshuka?"

"Hukuona?"

Sikuona, Baba. Mimi niliyekuwa nikihesabu hata vikombe vya chai yake.

"Tangu mwezi uliopita unachechemea ukishuka ngazi," akasema. "Mtu akikupita kushoto, nani unadhani humzuia? Nakimbia kwako, kisha nakimbia kwa mtu wangu, nikifika kwenye kikapu mikono haina nguvu. Yule kijana alikuwa akitafuta pointi zangu zimekwenda wapi. Akakuona wewe."

"Lakini nafasi ni moja, Awa."

"Najua kuhesabu mpaka moja," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Nilikwenda chumbani nikalia. Si kwa ajili ya goti. Ni aibu, Baba, aibu ya kumfikiria mtu ubaya kwa jambo lile lile alilokuwa akinifanyia wema. Mimi ninayelalamika kuwa watu hawaoni kazi isiyoandikwa, nilifanyiwa kazi hiyo mgongoni mwangu mwezi mzima nikaiita hila.

Jana, Jumatano, asubuhi, nilikwenda kwa kocha nikamwambia mambo mawili, goti langu na Awa. La pili ndilo lililomfanya avue miwani. Akamwita Emre, wakazitazama picha zile zile upya, safari hii wakimfuata Awa. Kila nilipopitwa, alikuwapo. Kocha akazitazama mpaka zikaisha. Kisha akanipangia daktari, na juu ya nafasi hakusema kitu, nami sikuuliza. Nadhani itakuwa yake, na ikiwa yake nitaitikia amina bila kinyongo. Kinyongo kidogo labda. Huenda basi nikarudi kabla ya mvua za masika, na mguu wa kufungwa.

Nisalimie nyanya wa Tiwi, umwambie shuka lake najifunika kila siku. Nisalimie shangazi wa bonde la mpunga na binamu zangu wa Mkongani. Hamisi naye msalimie, umwambie akimaliza kusoma pointi asome na jina la Awa, kwa sauti, hata likiwa na sifuri mbele yake.

Na Mama. Nilikuwa nimekwisha kuandika hapa kuwa usimwambie habari za goti, nikayafuta maneno hayo, utaona palipochafuka. Mwambie, Baba. Mwambie leo leo, usingoje niwe mzima.

Mwanao anayekuomba radhi na dua,
Mwanatumu