Upande wa Rehema

Rahaleo, Mtwara
4 Februari 2024

Mwanangu Asadi,

Salaam nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, wewe, mkeo na wajukuu wangu ambao siku hizi nawaona kwenye picha tu. Mimi mzima. Magoti ndiyo yaleyale, nikiinuka yanalia kama mlango mkongwe. Barua hii nimeiandika kwa mkono na nampa konda wa basi, kwa sababu simu yako naijua: likianza neno usilolipenda, mtandao unakatika.

Nimehamia kwenye nyumba yako. Watu wa Mikindani walinisindikiza, wakaingia, wakatazama, wakaaga. Asadi, wenzako waliosoma wanawajengea mama zao ghorofa. Wewe umenijengea nini? Hakuna hata ngazi moja. Mlangoni umeweka mteremko, majirani wananiuliza kama tunafungua gereji ya bodaboda. Milango mipana utadhani tutapitisha jeneza kila wiki. Bafuni umenipigilia vyuma ukutani, nivishike kama ng'ombe anayesubiri josho. Nimevianikia kanga. Sakafu umeikwaruza makusudi, na fundi anasema ndivyo ulivyochora. Ulikwenda chuo kikuu kujifunza kuharibu saruji?

Hayo ningeyameza. Lakini jana imesimama kirikuu ya mizigo mbele ya baraza, akashuka Rehema. Mke mwenzangu Rehema, niliyedhani Mungu ameniepusha naye tangu tulipomzika baba yako. Ana godoro, masufuria, na kuku jike kwapani. Nikamuuliza, "Umepotea njia?"

Akasema, "Asadi hakukwambia? Upande wa pili ni wangu." Akapita kwenye mlango wako mpana, yeye na kuku wake, bila hata hodi.

Kumbe ndiyo maana nyumba ina vyumba vya kulala pande mbili na jiko moja katikati. Mimi nilidhani umekosea kuchora.

Mama yako,
Hamisa binti Abdulkarimu


Dar es Salaam
17 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sisi wazima. Farida ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Pole na magoti.

Sikukwambia kwa sababu ungekataa. Wewe Mikindani ulikuwa peke yako, na mwaka jana ulianguka uani ukalala palepale mpaka muuza samaki alipopiga hodi. Mama mdogo Rehema naye alikuwa peke yake Msimbati, macho yanamfifia, na mwanawe Husna ameolewa Kilambo.

Kazi yangu ni kuchora nyumba, mama. Kila mara anakuja mtu anataka ghorofa la mzazi wake, vigae vinavyong'aa, ukuta mrefu na geti. Namjua mzee mmoja aliyewekwa juu. Tangu ahamie hajashuka hata kwenda msikitini, na mtaa mzima unamwita mwenye bahati. Mimi nilitaka nyumba ambayo mkizidi kuzeeka haitawageuka. Baraza linatazama njia ili msikose watu. Madirisha yako chini ili aliyelala aone nani anapita. Na ule mlango kati ya vyumba vyenu viwili ndio nyumba yenyewe: mmoja akiita, mwenzake yuko karibu. Tafadhali msiufunge.

Halafu, mama mdogo alinilisha miaka yote ya sekondari nilipokuwa naishi kwake na baba. Sitamwacha afe peke yake Msimbati ili wewe ufurahi.

Mwanao,
Asadi


Rahaleo
20 Aprili 2024

Mwanangu Asadi,

Marahaba. Idd imepita salama. Mimi ni mzima kwa kiasi awezacho kuwa mzima mtu anayeishi na Rehema.

Ulitaka tusikose watu. Hatuwakosi. Kila asubuhi baraza limejaa mashoga zake: muuza mizizi ya ming'oko, muuza dagaa, na mjane mmoja anaitwa Gladness ambaye hajui kuaga saa ya chakula ikifika. Wanacheka mpaka kuku wanakimbia. Mimi nikitoka wanasema "shikamoo bi mkubwa" kisha kimya, kana kwamba nimekuja kuwakagua. Nawakagua kweli. Hakuna kitu pale.

Jikoni ndiko kwenye vita. Juzi nimepika samaki wa nazi. Akalamba kijiko, akasema, "Bi mkubwa, huu ni mchuzi au ni maji uliyooshea samaki?"

Nikamwambia, "Ninyi mliozaliwa mtoni mmezoea tope. Kitu safi hamkijui hata kikiwa mdomoni."

Akatua kijiko taratibu. "Ndiyo maana mume wetu alikuwa anakula kwangu kwanza, halafu anakuja kwako kusinzia."

Asadi, neno hilo alilihifadhi tangu baba yako yu hai, akaja kulitoa kwenye jiko lako la kisasa.

Kwa hiyo nimemwita fundi mwashi, nimeuziba ule mlango. Tofali, saruji, na lipu juu yake. Wewe ulikwaruza sakafu, mimi nimelainisha ukuta. Sasa nalala vizuri.

Mama yako,
Hamisa


Dar es Salaam
3 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Nimechora shule, zahanati na masoko. Nimegombana na wakandarasi wezi, na wakubwa wanaoshika ramani juu chini. Hakuna aliyewahi kuniharibia kazi kwa ufundi kama wako. Unajiita mtu wa Mikindani, mtu wa adabu. Ni adabu gani hiyo ya kumzibia njia mwanamke asiyeona vizuri? Dharau yako, mama, ni kubwa lakini haina kazi. Haipiki, haifui, haimshiki mtu mkono.

Nakuja Idd kubwa. Huo ukuta niukute chini.

Mwanao,
Asadi


Rahaleo
9 Juni 2024

Mwanangu Asadi,

Marahaba. Mimi mzima. Rehema si mzima.

Juzi asubuhi nilikuwa napeta mchele nikasikia kishindo upande wake, kisha sauti, "Hamisa!" Hajawahi kuniita jina langu tupu. Nikajua huu si ugomvi. Nikaenda ukutani nikagonga kwa ungo. "Rehema, fungua mlango wa nje, nazunguka!"

"Niufungue na nini? Mguu hauinuki!"

Nikazunguka. Mlango ameutia komeo kwa ndani, na ule wa jikoni vilevile. Alikuwa ananishuku namwibia chumvi. Nikapiga yowe. Wakaja wanaume wa njiani, wakausukuma ule mlango wako wa mninga, haukutikisika. Nikawaambia, "Uacheni mninga. Njooni chumbani kwangu mvunje ukuta." Uliporomoka upesi. Yule fundi mwashi ni wa hovyo kabisa, Alhamdulillahi.

Kumbe alitandika kapeti la plastiki bafuni, eti sakafu yako inamkwaruza nyayo. Limeteleza naye. Vyuma vyako navyo vimejaa nguo mbichi, kama kwangu. Alikuwa amelala chini, midomo imekuwa ya kijivu. Akanitazama, akasema, "Umechelewa, bi mkubwa. Ulikuwa unajipaka wanja?"

Hospitali wanasema nyonga imepasuka. Husna amekuja na mumewe Zuberi. Hawakunisalimia. Wamesema akiruhusiwa wanampeleka Kilambo.

Sawa. Nyumba imetulia. Barazani hakuna mtu.

Mama yako,
Hamisa


Dar es Salaam
27 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na wote huku wazima.

Siku ya Idd kubwa nilipoondoka kwako mapema, sikurudi Dar kama nilivyokwambia. Nilikwenda Kilambo.

Husna na Zuberi ni watu wema, na nyumba yao ni ya watu wenye miguu mizima. Mama mdogo wamemweka chumba cha nyuma. Mlangoni kuna ngazi tatu ndefu. Choo kiko ng'ambo ya uwanja. Dirisha liko juu sana, akilala anaona bati tu. Mchana wote wenyewe wako shambani, na yeye anawasubiri warudi ndipo apelekwe haja. Nilimwomba arudi Rahaleo. Akasema, "Kwa yule? Hapa hata bati halinidharau."

Upande wake nimempangisha karani wa benki, anaitwa Elia. Ataingia Oktoba. Umeshinda, mama. Hongera.

Asadi


Rahaleo
13 Oktoba 2024

Asadi,

Barua yako ya mwisho hukuandika "mwanao" chini. Niliona. Ndiyo maana nimekaa kimya msimu mzima, nami najua kununa kuliko wewe. Salamu hata hivyo. Mimi mzima, na mjukuu wangu Farida mwambie bibi yake naye ana mapengo na anacheka.

Rehema alipoondoka nilifurahi, nisikufiche. Jiko langu, redio yangu, baraza langu. Wale wanawake wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Siku moja Gladness akasimama, nikasema leo amekuja kwangu. Akauliza, "Rehema anarudi lini?" Nikamjibu sijui, akaenda zake. Nikabaki nagombana na redio. Redio haijui kurudisha tusi.

Mwezi uliopita nikapanda gari la Kilambo. Husna alikuwa shambani. Zile ngazi ulizozisema nilizipanda kwa makalio, kama mtoto anayejifunza kutambaa, na jirani wa Husna akanitazama mpaka juu. Rehema akasikia ninavyohema.

"Nani anakoroma hapo?"

"Mimi."

"Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuona unavyokaa. Unakaa kama gunia la muhogo stoo."

Amekonda, Asadi. Kanga ilikuwa inanuka, na alijua kwamba naisikia. Mimi ambaye maisha yote nilitamani kumwona hivyo, nilitafuta pa kuweka macho nikakosa. Nikasema, "Rudi nyumbani."

"Kwa nini?"

"Pale peke yangu hapakaliki."

"Ulipafanya mwenyewe pasikalike. Sema sababu nyingine."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikamwambia, "Mikindani wamekufa wote walionijua kabla sijazeeka. Umebaki wewe. Ukiondoka, hakuna mtu aliyeniona nikiwa na meno yangu yote."

Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Hata wakati huo hukuwa mzuri." Akaniambia nitazame mvunguni, viatu vyake vipo hapo.

Zuberi alimbeba kumshusha ngazi. Husna alilia, akanishika mkono, nami nikamwacha aushike. Hapa Rahaleo kiti cha magurudumu tulichoazima hospitali kilipanda mteremko wako bila mtu kutoka jasho. Sisemi zaidi ya hapo, usije ukavimba kichwa.

Elia wako ameingia jana, na upande wa Rehema abaki nao yeye. Ni kijana mwenye shati jeupe asiyejua kusonga ugali. Tunamlisha, tunamcheka, anashukuru. Rehema yuko chumbani kwangu. Vitanda tumevisogeza mpaka mkono unafika. Kitanda cha dirishani amechukua yeye, baada ya kunung'unika siku nzima kama mtoto, ingawa haoni anayepita. Mimi namwambia nani kapita, na amevaa nini kibaya. Usiku anakoroma kama trekta la wakulima wa ufuta, na kumsugua mgongo ni adhabu ambayo sijui ni ya kosa gani.

Sasa ananing'ang'ania kalamu, na kuandika haoni. Namwandikia kama anavyosema: "Asadi, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Huyu anakudanganya. Anayekoroma ni yeye. Njoo ulete watoto, na uje na chakula cha kununua njiani, maana leo amepika."

Mama zako,
Hamisa na Rehema