Tetere wa Shamba la Afande

Nakaloke,
7 Novemba 2024

Mwanangu Shakul,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkamwana wangu Twaibah, pamoja na huyo mgeni wetu wa miezi saba aliye tumboni. Mimi sijambo, ila masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Ukinipigia simu nasikia mvumo tu, kwa hiyo vumilia kusoma.

Ndege wamefika. Korongo weupe walitua Jumapili kwenye majaruba, wengi mno, wakawa wanatembea nyuma ya wapaliliaji kama wasimamizi. Hao sina ugomvi nao, wanakula panzi. Wanaonikera ni kwelea na tetere, hawa njiwa wadogo. Mpunga umeanza kutia maziwa, na wao siku hiyo wanaijua kuliko sisi wenye shamba. Nashinda juani nagonga debe ambalo mwenyewe silisikii.

Jirani yangu Afande Norman, yule wa magereza, hana subira ya kugonga debe. Ameniuliza duka lako la dawa za mashamba liko wapi hapo Bugembe, nami nimemwelekeza. Mpokee vizuri.

Twaibah bado anatamani nyama ya ndege? Mwambie namtafutia.

Mama yako


Bugembe,
14 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Twaibah amevimba miguu lakini mdomo haujavimba: anasema ukichelewa na hao ndege atakuja kuwakamata mwenyewe.

Afande Norman alifika. Nimemuuzia dawa ya wadudu ambayo siku hizi imekatazwa. Nilikuwa nimebakiza chupa mbili nyuma ya duka. Ataloweka mtama ndani yake aumwage kando ya majaruba, ndege waule wafe. Najua utanigombeza. Lakini nisingemuuzia mimi, angeipata kwa mwingine.

Sasa nisikilize. Usiokote ndege yeyote karibu na shamba lake, hata aliye hai. Kuku wako wafungie. Na usimwambie mtu dawa imetoka kwangu, nitafungiwa duka. Ningempigia Brendah akueleze haya, lakini ni mke wa Norman, na maneno yakitoka kwake yatafika mbali. Nampa dereva Nasif barua hii, kesho asubuhi gari lake litakuwa huko kwenu Mbale.

Mwanao


Nakaloke,
21 Novemba 2024

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko? Mimi mzima. Nasif sijamwona wiki nzima, nasikia gari lake limeharibikia Iganga, kwa hiyo mzigo huu nampa dereva mwingine.

Mwaka huu tetere ni wazembe ajabu. Wanakaa chini kando ya shamba la Afande, unawasogelea na hawaruki. Wengine wamekufa, nadhani ni ile mvua ya mawe ya Jumatatu. Hao nimewaacha, mzoga si chakula chetu. Walio hai nimewakamata kwa mkono, nikawachinja kwa bismillahi mmoja mmoja, nikawakausha juu ya moto. Nimegawia nyumba sita za hapa. Thelathini walionona wamo kwenye mkebe huu, ni wa Twaibah peke yake. Wewe usidokoe.

Mimi leo nimefunga. Nitaonja kesho.

Mama yako


Nakaloke,
23 Novemba 2024

Shakul,

Leo sisalimii. Barua yako ya tarehe 14 imenifikia sasa hivi, saa nne. Nasif ameitoa chini ya kiti cha gari akaniomba radhi.

Msile. Mkebe wote tupeni chooni.

Nimemwomba Gorreti wa duka la sukari apige simu. Yako imezimwa, ya Twaibah inaita na haipokelewi. Ningepanda gari sasa hivi, lakini kuna nyumba sita hapa zenye watoto, na mimi ndiye niliyewapelekea. Nakimbilia huko kwanza. Jana nilionja mchuzi nikatapika, nikadhani ni tumbo la saumu.

Nijibu kwa dereva yeyote. Naogopa, mwanangu.

Mama


Jinja,
26 Novemba 2024

Mama,

Asalaam aleikum. Twaibah yu hai. Mtoto tumemzika jana. Alikuwa wa kike.

Alikula Ijumaa mchana. Alasiri nilimkuta anatetemeka, mate yanamtoka, nikamkimbiza hospitali hapa Jinja. Daktari aliniuliza amekula nini. Nilisema sijui. Lakini kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeuona mkebe mezani, na barua yako ya shamba la Afande iliyokuwa kando yake nilikuwa nimeisoma. Akauliza kama amegusa dawa yoyote. Nikasema hapana. Nilizima simu nikakaa kwenye benchi. Zilipita saa mbili, Mama, ndipo nikamfuata nikamtajia dawa yenyewe, nikamwambia labda mke wangu alishika chupa dukani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungesema ulipofika."

Sasa Twaibah anaamini alishika chupa asinawe. Analia na kuitazama mikono yake. Nimemwacha aamini hivyo.

Nakuomba jambo moja. Ichome barua yangu ya tarehe 14, na hii pia. Norman hatasema, naye ana kazi yake ya kulinda. Nitatubu, dawa hizo sitaziuza tena maisha yangu. Usiniache.

Mwanao


Nakaloke,
29 Novemba 2024

Shakul,

Inna lillahi wa inna ilaihi raajiun. Nimemlia mjukuu wangu hadi kifua kikauma. Waliochinjwa walichinjwa kwa mkono wangu, na fungu langu nimelibeba.

Katika zile nyumba sita, watoto wawili walilazwa, na wamerudi salama. Nimepita kila mlango nikasema niliwapa nini. Norman nilimwendea mbele ya Brendah, nikamwambia aufukie ule mtama. Alinifokea, akanitisha, kisha akachukua jembe. Tetere wengine bado wanashuka kutoka upande wa mlima, kila asubuhi.

Umeniomba nichome barua. Nilizishika, na kiberiti nilikiwasha, kwa kuwa nakupenda na sina mwana mwingine. Lakini mke wako amelala hospitalini akidhani mikono yake ndiyo iliyoua mtoto wake. Hilo siliwezi.

Asubuhi hii nimempa Nasif barua zako zote mbili azitie mkononi mwa Twaibah, na juu ya barua hizo karatasi yangu inayosema nani aliwachinja wale ndege. Hii yako nimempa dereva wa jioni, makusudi. Ukiisoma, yeye atakuwa amekwisha kusoma.

Nenda kakae naye. Akikufukuza, kaa nje ya mlango.

Mama yako