Pampu ya Boti la Marehemu

Mjukuu wangu Otmari,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Liuli tu wazima. Shangazi yako ndiye anayenipikia tangu bibi yako atutoke.

Unauliza kama ni vibaya kufungua vipuri vya manowari iliyostaafu huko ng'ambo, ili viwekwe kwenye manowari nyingine za muundo uleule, maana mabaharia wake wa zamani wanakutazama kwa uchungu.

Ujanani nilikuwa fundi wa boti la wagonjwa. Siku moja pampu ya injini ilipasuka, na Mbaha kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa akitusubiri. Pampu kama ile ilikuwa kwenye boti la mvuvi mmoja aliyezikwa juzi yake. Kwetu mali ya marehemu haiguswi kabla ya matanga kuisha. Nikamwendea mjane wake.

“Udongo haujakauka, nawe unakuja kumvua nguo?”

“Mama, kuna mzazi Mbaha.”

Akalitazama boti la mumewe. “Chukua. Lakini ile mbovu uifunge mahali pake. Sitaki kupaona pakiwa wazi.”

Nikaifunga kwa boliti zote nne, nikazikaza sawasawa. Yule mzazi tulimfikisha hospitali, akajifungua salama.

Wiki iliyopita tuligawa nguo za bibi yako. Kuzitoa sikuona taabu. Msumari zilipokuwa zimetundikwa ndio siwezi kuutazama. Ndipo nikamwelewa yule mjane.

Vifungue, mjukuu wangu, meli zinavihitaji. Ila kabla ya kushika spana waamkie wale wazee, uwaulize wangependa uanzie wapi.

Babu yako